Kitanda cha Bibi

Mwaka jana nilitembea na vijana saba wa parokia kutoka Lushoto, kupitia msitu wa Magamba, tukielekea Rangwi. Mvua ilituchelewesha, giza likatukuta katika kijiji kimoja mlimani. Bibi mmoja, Mwislamu, akatufungulia mlango. Tukala ugali na maharage. Vijana wakajibana sebuleni, mimi nikapewa chumba, nikalala fofofo (baridi ya Usambara si mchezo!).

Alfajiri nilipotoka, nikamkuta bibi amejikunyata jikoni juu ya gunia. Kitanda kilikuwa chake.

Injili ya Emau (Lk 24:13-35) nimeihubiri miaka mingi, kila mara nikijihesabu miongoni mwa wanaomkaribisha mgeni.

“Umelalaje, baba?” akauliza.

“Salama, mama,” nikajibu, macho chini. Wewe ungemjibuje?