Saa Kumi kwa Bwana Baggins: Chai na Ugeni katika Nchi ya Wahobiti

Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumzia viza, ada, baridi na kazi za wikiendi. Leo naomba ruhusa nizungumzie watu ambao hawajapata kuishi popote duniani isipokuwa kitabuni. Msinicheke. Wengi wetu huku Uingereza tumeziona filamu za The Lord of the Rings zilizotoka kati ya mwaka 2001 na 2003, na zile za The Hobbit za 2012 hadi 2014. Tumeangalia mapanga, farasi na majoka, tukazima televisheni tukalala. Mimi nataka tuangalie birika la chai. Maana ukisoma vitabu vyenyewe utagundua kwamba watu hawa wa kubuni wana adabu za ugeni ambazo bibi yako wa Tanga au Lamu angezielewa bila mkalimani, na kwamba mwandishi alizitumia kupimia jambo zito kabisa: kama nchi ni nzima au imeoza.

Wahobiti ni nani?

Mwandishi ni J.R.R. Tolkien, profesa wa lugha wa Oxford. Huenda hukujua kwamba alizaliwa Afrika, mjini Bloemfontein, tarehe 3 Januari 1892. Mama yake alimleta Uingereza akiwa na miaka mitatu tu, na baba yake akafia kule kule Afrika Kusini mwaka 1896. Kitabu cha The Hobbit kilitoka 1937, na The Lord of the Rings kikatoka kwa sehemu tatu mwaka 1954 na 1955.

Wahobiti ni watu wafupi, kama nusu ya kimo chetu, wasiovaa viatu, wanaoishi katika nyumba zilizochimbwa vilimani zenye milango ya duara. Nchi yao inaitwa Shire (usiichanganye na ule mto wa Malawi). Wanapenda kula: milo sita kwa siku ikipatikana, na kifungua kinywa cha pili si ajabu kwao. Siku ya kuzaliwa mtu, yeye ndiye anayewapa wageni zawadi, si wageni wanaompa yeye. Na alasiri wanakunywa chai, saa kumi. Yaani wakati ule ule ambao kwetu pwani watu wakitoka kuswali alasiri birika linakuwa tayari jikoni.

Kanuni za chai ya Wahobiti

Hakuna mahali Tolkien aliposimama kuorodhesha kanuni hizi. Nimezikusanya mwenyewe, nyingi kutoka sura ya kwanza ya The Hobbit.

Kanuni ya kwanza: mwaliko ni mwaliko. Bwana Bilbo Baggins, mtu mzima wa miaka 50, anakutana asubuhi na mzee Gandalf, mwenye ilmu za ajabu. Mzee anamletea habari za safari na hatari. Bilbo hataki. Basi, ili amwondoe mlangoni kwa heshima, anamwambia aje kunywa chai kesho. Ndugu zangu mlio huku mnalijua neno hili! Mwingereza akikuambia lazima uje kunywa chai siku moja, mara nyingi anakuaga tu. Sisi tunatoa daftari tunauliza siku gani. Gandalf ni kama sisi: analichukua neno kama lilivyo. Na kesho yake hatumi salamu, anatuma watu kumi na watatu.

Kanuni ya pili: kikombe kwanza, maswali baadaye. Kengele ya kwanza inapolia, Bilbo anadhani ni Gandalf. Anaongeza kikombe na kisahani, na keki moja mbili. Akifungua mlango anamkuta kibete wa milimani mwenye ndevu za rangi ya buluu, hajawahi kumwona maishani. Jina lake Dwalin. Dwalin anajitambulisha kwa maneno ya kwamba yuko tayari kumtumikia mwenyeji, na adabu inamlazimu mwenyeji arudishe maneno kama hayo, kama vile salamu yetu isivyoachwa bila jibu. Bilbo hamwulizi umetoka wapi, unataka nini, nani kakutuma. Anamwambia ndiyo kwanza anataka kunywa chai, karibu tunywe pamoja. Si ndiyo vile vile kwetu? Mgeni huulizwa habari za alikotoka akishakaa, na shida yake huisema mwenyewe kikombe kikiwa nusu.

Kanuni ya tatu: mwenyeji hujinyima kabla hajamnyima mgeni. Baada ya Dwalin anakuja Balin, naye badala ya chai anaomba bia na keki ya kisibiti. Halafu wanaingia wawili, halafu watano, halafu wanne wa mwisho pamoja na Gandalf mwenyewe. Huyu anataka jamu, yule pai, mwingine mayai, mwingine kahawa, mwingine kuku baridi na achari. Stoo ya Bilbo inakwisha mbele ya macho yake. Moyoni ananung'unika, tena sana, kwa sababu Tolkien hakuandika malaika. Lakini tangu keki zilipoanza kutia shaka, alikwisha jua kwamba zikipungua atakayekosa ni yeye. Hilo ni la mwenyeji.

Kanuni ya nne: mgeni naye ana wajibu. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Vibete hawakungoja siku ya tatu. Walipomaliza kula walimkataza Bilbo kuinuka, wakakusanya sahani na vikombe, wakaosha kila kitu huku wakiimba kumtania kwamba watavivunja. Hakuna kilichovunjika.

Kanuni ya tano: chai huzaa deni, na deni lenyewe ni tamu. Chakula kile kilimpeleka Bilbo safari ndefu ya kwenda kuikomboa hazina ya vibete. Mwishoni kukawa na vita. Kati ya wale kumi na watatu waliokaa mezani kwake, watatu walikufa: Thorin kiongozi wao, na ndugu wawili vijana, Fili na Kili. Thorin akikata roho anamkiri Bilbo kwamba watu kama yeye, wanaothamini chakula na furaha kuliko dhahabu iliyofungiwa, wangekuwa wengi dunia ingekuwa na raha zaidi. Na Bilbo anapowaaga waliobaki anawaambia wakipita kwake wasingoje hata kubisha hodi, chai ni saa kumi. Ni mwaliko ule ule aliouanza kitabuni kwa unafiki mdogo wa heshima. Safari hii anaumaanisha, na miaka kadhaa baadaye Balin na Gandalf wanakwenda kweli.

Kunyimwa chai

Penye kukaribisha kuna na kunyima. Bilbo ana jamaa zake, akina Sackville-Baggins, wanaoitamani nyumba yake miaka na miaka. Bibi yao, Lobelia, anashukiwa kwamba vijiko vya fedha vya Bilbo vimeishia kwake. Hata hivyo Bilbo anapofanya karamu ya kutimiza miaka 111, wanaalikwa. Anapoondoka anamwachia Lobelia zawadi: sanduku la vijiko vya fedha. Jamani, kuna tusi zuri kuliko hilo? Mswahili angeliita fumbo, na angelipigia makofi.

Baadaye mrithi wa Bilbo, Frodo, anamuuzia Lobelia nyumba hiyo. Mama anakuja siku ya mwisho kuchukua ufunguo, na orodha ya vitu mkononi, anakagua kimoja kimoja. Mwandishi anaeleza kwa ufupi tu kwamba Frodo hakumpa chai. Alipokwenda zake, Frodo alikunywa yake jikoni na rafiki zake wawili. Kwa Mhobiti hilo ni kama kufunga mlango kwa kishindo. Na nadhani kila msomaji wa Pwani atahisi baridi kidogo akilisoma, kwa sababu kwetu hata mdai wako hupewa maji.

Nchi iliyopiga marufuku wageni

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Sehemu hii haimo katika filamu, kwa hiyo ambaye hakusoma kitabu hajui. Frodo na wenzake watatu wanarudi nyumbani baada ya vita kubwa. Wanafika kwenye daraja la mpakani usiku, wamelowa, wamechoka. Geti limefungwa. Walinzi, Wahobiti wenzao, wanawajibu kwamba hawaruhusiwi kupokea watu ghafla namna hiyo, wakaja kula chakula cha ziada. Nchi imeshikwa na wahuni wanaofuata amri za bosi mmoja. Mavuno yanakusanywa kwa jina la kugawana sawa, na hayarudi. Nyumba za wageni zimefungwa. Na ukutani pa kituo cha walinzi imebandikwa orodha ndefu ya sheria.

Angalieni Tolkien alivyochagua. Angeweza kutuonyesha kwanza maiti au nyumba zilizochomwa. Alituonyesha kwanza mwenyeji aliyekatazwa kukaribisha. Ndiyo alama yake ya kwanza kwamba nchi imetekwa. Na jibu la wasafiri? Hawachomoi panga. Wanaruka geti, wanaingia, wanatoa chakula chao wenyewe kugawana na walinzi, na kijana Pippin anazichana sheria ukutani, kisha anatia kuni za kesho motoni. Ukombozi wa nchi unaanza kwa moto na chakula cha pamoja.

Na yule Lobelia? Yeye, mzee wa miaka zaidi ya mia, aliwakabili wahuni kwa mwavuli wake, wakamtia gerezani. Alipotoka watu walimshangilia, akalia, kwa kuwa hakuwahi kupendwa maishani mwake. Nyumba akamrudishia Frodo, na alipokufa fedha zake aliwaachia Wahobiti waliopoteza makazi. Aliyenyimwa chai akaishia kuwa mwenyeji wa nchi nzima.

Alikoyatoa haya

Mwaka 1911 Tolkien alikuwa mwanafunzi wa sekondari Birmingham. Yeye na rafiki zake walianzisha chama kidogo, jina lake kwa kifupi T.C.B.S., na herufi mbili za mwanzo ni Klabu ya Chai. Walikuwa wakipika chai kwa siri katika maktaba ya shule, jambo lililokatazwa, na baadaye wakakutana katika chumba cha chai cha duka la Barrow. Wakinywa, wakisomeana mashairi, wakibishana. Wa ndani kabisa walikuwa wanne: Tolkien, Christopher Wiseman, Robert Gilson na Geoffrey Bache Smith. Ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Gilson aliuawa tarehe 1 Julai 1916, siku ya kwanza ya mapigano ya Somme. Smith alikufa kwa majeraha Desemba mwaka huo huo. Wakabaki wawili.

Sisemi kwamba vibete wale ndio rafiki zake. Nasema tu kwamba aliyeandika meza ile ya Bilbo alikuwa anajua kiti kikiwa wazi kinafananaje.

Na sisi je?

Chama chetu nacho ni cha wanafunzi na chai. Lakini siku hizi nasikia mno tukiambiana, "Nipigie kwanza kabla hujaja." Sawa, maisha ya huku ni ya ratiba, na vyumba ni vidogo. Mabweni mengi yana karatasi ukutani: mgeni aandikishwe, mgeni atoke saa fulani. Nyingine zina sababu, moto ukitokea wajue nani yumo. Ninachohofia ni karatasi ile kutoka ukutani ikaingia moyoni.

Likizo ya Krismasi bweni hubaki tupu. Kijana mmoja wa mwaka wa kwanza aliniambia kwamba msimu mmoja alikaa siku sita bila kutamka neno la Kiswahili isipokuwa kwenye simu na mama yake, na kumbe Watanzania na Wakenya walikuwa mtaa wa pili. Nikamuuliza kwa nini hakubisha hodi. Akasema, "Kaka, sikualikwa."

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii haisemi mgeni apate mwaliko kwanza. Basi pendekezo langu ni dogo: kila nyumba yenye wanachama wetu wawili au zaidi ichague siku moja ya wiki ambayo mlango ni wazi saa kumi, bila kupigiana simu. Chai ya rangi inatosha, na mkate wa dukani unatosha. Majani ya chai msijali, sehemu kubwa ya yanayouzwa huku yametoka Kenya, kwa hiyo tutakuwa tunakaribishana kwa mali yetu. Mgeni aoshe vikombe.

Kwetu sisi, namba 14, ni Jumamosi. Tupo wanne, vikombe tunavyo tisa. Mkizidi tisa, mimi nitakunywa kwenye bilauri.