Chema chajiuza, lakini lazima kionekane

Wahenga walituachia methali isemayo, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii nimeiamini tangu utotoni. Lakini juma lililopita nilikuwa Morogoro, na niliporudi nilikuwa nimeanza kuitilia shaka.

Nilikwenda kwa treni ya umeme, ile iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024. Zamani safari hiyo ilikula nusu siku. Sasa, hujamaliza gazeti lako, milima ya Uluguru imekwishasimama mbele ya dirisha, kilele kimejifunika ukungu. Sisi wa Dar es Salaam tuna deni na milima ile, maana maji ya mto Ruvu tunayokunywa chanzo chake ni huko. Lakini siku hiyo sikwenda kwa ajili ya maji. Nilikwenda kutafuta kikapu.

Nilimkuta mama mmoja si mbali na Soko Kuu la Chifu Kingalu, amepanga vikapu na mikeka ya ukindu. Nikamwamkia, akaitikia, akanikaribisha kigoda. Vikapu vyake vilisukwa na wanawake wa kijijini kwao huko mlimani. Vimebana vizuri, rangi ya zambarau na kijani imekaa mahali pake, mpini haulegei. Nikauliza biashara inakwendaje.

"Mwanangu," akasema, "kikundi chetu tulipata mkopo wa halmashauri. Mkopo tumepata, mnunuzi ndiye hatuna."

Sentensi hiyo ilinikaa kichwani. Tunajua kwamba sheria inazitaka halmashauri zetu zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Fedha hizo hununua ukindu na rangi. Hazinunui macho ya mteja. Na mkopo una siku ya kurejeshwa, kikapu kiwe kimeuzwa au hakijauzwa.

Nikamuuliza kama wanatangaza. Akaniambia kijana wake huweka picha kwenye stetasi ya WhatsApp. Nikanunua kikapu kimoja, nikaaga.

Usiku, nikiwa nyumba ya wageni, nikafanya jaribio. Nilikiweka kikapu mezani, nikakipiga picha kwa simu, kisha nikaiagiza programu ya Google Lens initafutie vitu vinavyofanana nacho. Haikuchukua hata sekunde tano. Vikaja vikapu vya Bolgatanga kutoka Ghana, vyondo vya Kenya, vikapu vya agaseke vya Rwanda, kila kimoja na bei yake kwa dola. Nikashusha ukurasa, nikashusha tena. Cha Morogoro sikukiona hata kimoja. Kikapu chenyewe kilikuwa mbele yangu mezani, lakini kwa yule anayetafuta kutoka mbali ilikuwa kana kwamba hakijapata kusukwa.

Hapo ndipo ninapotaka tuzungumze. Jambo hili linaitwa kutafuta kwa picha. Tumezoea kutafuta kwa maneno: unaandika "kikapu", mtambo unakuletea kurasa zenye neno hilo. Lakini mtu anaweza kuona kitu na asijue jina lake. Mgeni akikiona kikapu cha ukindu sebuleni kwa rafiki yake huko Ujerumani, ataandika nini? Hajui ukindu, hajui Uluguru. Anachofanya ni kukipiga picha.

Historia yake ni fupi na inachekesha kidogo. Mwaka 2000 mwimbaji wa Marekani Jennifer Lopez alivaa gauni la kijani kwenye sherehe za tuzo za Grammy, na watu wengi mno wakaenda kulitafuta kwenye Google. Wakapewa maandishi, wakati walichotaka ni kuliona gauni. Mwaka 2001 kampuni hiyo ikaanzisha huduma ya kutafuta picha. Mwaka 2017 ikaja Google Lens, ambayo kamera ya simu ndiyo inayouliza swali. Pinterest nayo, mtandao ulioanza 2010 na ambao watu hukusanya humo picha za vitu wanavyovipenda, ilileta kamera kama hiyo mwaka huohuo wa 2017. Leo Pinterest ina watumiaji zaidi ya milioni 500 kwa mwezi, na wengi wao huingia wakiwa wanawaza kupamba nyumba, kuandaa harusi au kununua zawadi. Hao ni wateja wa kikapu.

Mtambo unaonaje? Hauoni kama wewe na mimi. Unaivunja picha katika alama nyingi: mistari, mizunguko, rangi, mpangilio wa msuko. Alama hizo unazigeuza kuwa tarakimu, kisha unazilinganisha na tarakimu za picha nyingine zilizomo ghalani mwake. Zinazokaribiana ndizo unazoleta. Pamoja na hayo, unasoma maneno yaliyoandikwa kando ya picha ili ujue kitu hicho ni nini na kinatoka wapi. Kwa hiyo mambo mawili ni ya lazima: picha iwe imefika ghalani, na iwe na maelezo.

Sasa mtaona kosa la yule kijana, ambalo ni kosa letu sote. Stetasi ya WhatsApp huonwa na watu wenye namba yako tu, na baada ya saa 24 imefutika. Hakuna mtambo wa kutafuta unaoweza kuingia humo. Ni sawa na kutandaza bidhaa chumbani, ukafunga mlango, halafu ukalalamika kwamba wapita njia hawanunui. Stetasi inafaa kwa kumkumbusha mteja unayemjua. Haikuletei usiyemjua.

Basi afanye nini? Kwanza, picha yenyewe. Apige kikapu kimoja kimoja, juu ya kitambaa cheupe au ukuta usio na mapambo, kwa mwanga wa asubuhi au wa mawingu. Jua la saa sita huleta kivuli kikali kinachouficha msuko. Apige mbele, ubavuni, na karibu kabisa ili msuko usomeke. Lundo la vikapu 30 katika picha moja linauchanganya mtambo, na linamchanganya hata mnunuzi.

Pili, aiweke mahali pa wazi. Afungue ukurasa wa biashara Pinterest, na asajili biashara yake kwenye ramani ya Google. Vyote viwili havina malipo, ingawa Google hutaka kuthibitisha kwamba biashara ipo kweli, mara nyingi kwa video fupi. Picha iliyowekwa hapo inaweza kupatikana hata mwakani.

Tatu, maneno. Asiandike "mzigo mpya umeingia, karibuni." Aandike: kikapu cha ukindu, kimesukwa kwa mkono, milima ya Uluguru, Morogoro, Tanzania, kipimo chake hiki, bei yake hii. Aandike kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Jambo hili linamhusu zaidi muuza viungo. Mdalasini wa Matombo ukipigwa picha peke yake unafanana na mdalasini wa kokote duniani. Kinachoutofautisha ni jina la mahali, na pengine picha ya pili ikionyesha shamba na mlima nyuma yake.

Nne, njia ya kununua. Mteja akishapenda, aone namba ya simu, namna ya kulipa, na kama mzigo utatumwa kwa basi au kwa posta. Picha nzuri isiyo na anwani ni pambo tu.

Sitaki kuwadanganya kwamba hii ni dawa ya kila kitu. Msusi anamaliza vikapu vichache kwa juma. Oda ya vikapu 200 ikifika ghafla, kikundi kikiipokea kwa tamaa kitavunja ahadi, na jina likiharibika hapo halisafishiki upesi. Bora kuandika wazi ni vingapi vinapatikana na kwa muda gani. Pia kinachoonekana na wanunuzi huonekana na wanaoiga. Kutafuta kwa picha angalau kunakusaidia kumgundua aliyechukua picha yako na kujifanya mwenye mali: unaitafuta picha yako mwenyewe, unaona imetua wapi. Na kabla ya kuweka sura ya bibi anayesuka, aombwe ruhusa. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata kabla ya sheria, hiyo ni adabu.

Mwisho nina neno kwa halmashauri zetu. Maofisa maendeleo ya jamii hukifundisha kikundi kuandika katiba na kufungua akaunti benki kabla ya kukikopesha. Waongeze siku moja ya mafunzo ya picha na maelezo, na kila kikundi kimlete kijana wake mwenye simu. Deni litarejeshwa kwa wepesi zaidi.

Niliporudi kituoni kesho yake nilimpitia yule mama. Kijana wake alikuwepo. Tulikiegemeza kikapu kimoja kwenye ukuta mweupe wa jirani, tukakipiga picha tatu, akaandika maelezo huku mama akimsahihisha jina la kijiji. Ni picha ya kikapu kimoja tu, lakini sasa ipo mahali ambapo mtu wa mbali anaweza kuiona.

Methali ya wahenga ni ya kweli. Ila wao walikaa soko moja, na kila mtu alipita mbele ya kila kitu. Soko la leo halina mwisho. Chema bado chajiuza, lakini kwanza kionekane.