Tuyalinde Mataya Yetu

Wananchi hawajaisahau tarehe 6 Mei, 2017. Siku hiyo basi la shule lililotoka Arusha lilitumbukia korongoni huko Rhotia, wilayani Karatu, wakafa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Watoto watatu waliopona walipelekwa Marekani kutibiwa mifupa iliyovunjika, taya likiwamo. Taifa zima lililia. Lakini yako mataya yanayovunjika mojamoja, barabarani na vilabuni, ambayo hayaliliwi na mtu ila mwenyewe na jamaa zake.

Yatupasa kujua sababu. Katika miji yetu siku hizi mataya mengi huvunjwa na ajali za barabarani, pikipiki zikiwa mbele. Kisha hufuata ngumi na marungu. Wanaoumia zaidi ni wanaume vijana, yaani wale wale wanaotegemewa kwa kazi.

Taya la chini huvunjika upesi kuliko la juu, kwani limejitokeza mbele. Tena lina umbo la upinde: apigwaye kidevuni upande wa kulia aweza kuvunjika karibu na sikio la kushoto. Dalili iliyo wazi ni meno kukataa kukutana. Majeruhi asiachwe chali, ulimi na damu visije vikamziba pumzi. Alazwe ubavu, shingo yake ikishikwa isipinde, kisha awahishwe hospitali.

Mara nyingi meno ya juu na ya chini hufungwa pamoja kwa waya, majuma manne hadi sita. Muda huo wote mtu hunywa uji tu. Je, atabeba abiria? Atavuna kahawa? Watoto wake watakula nini?

Sisi twasema hayo si majaliwa. Kofia ngumu inayofunika utosi peke yake hukiacha kidevu wazi. Ifunikayo uso mzima hukinga vyote viwili. Basi waendesha pikipiki wa Karatu na wachangiane wazinunue hizo, na abiria naye apewe yake. Wenye magari ya watalii wasimsukume dereva kuliwahi lango la Ngorongoro kwa mwendo wa hatari. Na ugomvi wa vilabuni uamuliwe na wazee kabla ya ngumi kuuamua.

Mfanyakazi aliyefungwa kinywa kwa waya hawezi kula jasho lake, wala kusimama mkutanoni kudai haki yake.