Tuzo ya Mhadhiri Chipukizi

Istilahi tuzo imetokana na kitenzi tuza, yaani kumpa mwimbaji au mcheza ngoma zawadi kwa umahiri wake. Zawadi yaweza kutolewa bila sababu. Tuzo hutolewa na aliyeshuhudia kazi. Basi chuo kikuu kikimtuza mhadhiri chipukizi, yaani aliye katika miaka ya mwanzo ya kazi, kwa ufundishaji bora, mashahidi wa kwanza ni wanafunzi wake. Katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, kilichoanzishwa Iringa mwaka 2005, wengi wao huandaliwa kuwa walimu. Mhadhiri akifundisha vibaya, hasara yaweza kufika hadi darasani Madibira. Kwa hiyo heshima itolewayo kwa kuhesabu machapisho peke yake isiitwe tuzo ya ufundishaji.