Fundi na Aujue Mtambo Wake

Mtu akipeleka barua pepe kutoka Dar es Salaam hata Mwanza, ni nadra ajiulize imepita njia gani. Barua hiyo hukatwa vipande vidogo vidogo, na katika kila njia panda upo mtambo uitwao ruta, usomao anwani ya kila kipande na kukiamulia pa kwenda. Ruta hupashana habari za njia kwa kanuni zilizokubaliwa na mafundi wa ulimwengu, ziitwazo itifaki. Kubwa katika hizo ni BGP, iliyotangazwa mara ya kwanza mwaka 1989. Kanuni hizo zimeandikwa wazi, na kila atakaye aweza kuzisoma.

Basi, ikiwa kanuni ni za wote, kwa nini fundi aridhike na sanduku lililofungwa, asiloruhusiwa kuchungulia ndani yake?

Mwaka 1996 Mjapani Kunihiro Ishiguro alianza kuandika programu ya ruta. Aliiita Zebra, yaani punda milia, akaiacha wazi ili kila mtu aisome, aitumie na kuigeuza. Ilipozorota, wengine waliichukua wakaiita Quagga, jina la punda milia wa Afrika Kusini aliyekwisha toweka. Wa mwisho alikufa Amsterdam mwaka 1883. Mwaka 2017 ikazaliwa FRRouting kutokana na hiyo Quagga. Hata leo ndani yake imo sehemu iitwayo zebra. Hiyo ndiyo faida ya kazi iliyo wazi: mwenyewe akichoka, kazi haifi.

Kujifunza kwake hakutaki mali nyingi. Kompyuta moja yenye Linux yatosha, kwani ruta kadhaa za kuigiza zaweza kukaa ndani yake. Mwanafunzi huiweka programu, hufungua faili liitwalo daemons, na palipoandikwa bgpd=no huandika bgpd=yes, kisha huiwasha upya. Ndipo huingia vtysh na kuzitaja ruta jirani. Wengi hukwama hapo: jirani ameitika, lakini njia hazipiti. Mtambo haukuharibika. Matoleo ya sasa hayapokei wala hayatangazi njia kwa mtandao wa mwingine mpaka fundi aandike sheria ya kinachoruhusiwa.

Wala sheria hiyo si udhia. Tarehe 24 Februari, 2008, shirika la simu la Pakistan lilitaka kuizuia YouTube nchini mwake. Tangazo la njia likavuka mipaka, na kwa muda wa saa mbili hivi watu wengi duniani hawakuipata. Neno moja la fundi laweza kufunga njia ya watu wasiomjua.

Kwa hiyo tusidanganyane kwamba uwazi ni urahisi. Programu hutolewa bure. Ujuzi hulipiwa kwa jasho. Mafundi wa Afrika walilitambua hilo walipokutana Cape Town mwaka 2000 kwa mafunzo ya AfNOG.

Wakuu wa kazi hawana budi kuwapa vijana saa za kujifunza na mashine kuukuu za kukosea, kabla ya kuwakabidhi mtandao unaobeba kazi za watu. Naye aliyekwisha kujua amfundishe mwenzake. Sanduku lililofungwa likiharibika usiku, fundi hupiga simu akangoja. Mtambo anaoujua ukiharibika, huketi akaanza kazi.