Kidole Kinauma, Figo Ziulizwe

Kingolwira, pale barabara ya Dar es Salaam inapokaribia mji wa Morogoro, mzee anaweza kulala salama na usiku wa manane akaamshwa na kidole gumba cha mguu. Kimevimba, kinawaka, hata shuka likigusa hakivumiliki. Kukicha anachechemea hadi duka la dawa kununua diklofenaki, na majirani wamekwisha kuhukumu: kazidisha nyama choma na bia.

Hukumu hiyo ni nusu ya ukweli. Nyama, maini, dagaa na bia huchangia kweli, ila sehemu kubwa ya asidi ya yuriki hutengenezwa na mwili wenyewe, unapovunja purini zilizomo ndani ya seli zetu. Theluthi mbili hivi hutolewa na figo kwa mkojo, na inayobaki hupitia utumbo. Ikizidi takribani miligramu 6.8 kwa desilita moja ya damu, inaweza kuganda kuwa fuwele zenye ncha kali ndani ya maungio, hasa ya miguuni ambako mwili una ubaridi. Kinga ya mwili ikizivamia, hilo ndilo jongo.

Kwa wagonjwa walio wengi, kasoro ni figo kushindwa kuitoa asidi hiyo vya kutosha. Presha na kisukari huzichosha. Baadhi ya dawa za presha zinazoongeza mkojo, na pirazinamidi ya kifua kikuu, hupandisha yuriki pia. Usiziache, mweleze daktari. Na anayelima juani kutwa, huku bondeni chini ya milima ya Uluguru, bila kunywa maji ya kutosha, mkojo wake huwa mzito na mawe ya figo hupata nafasi.

Ndiyo maana diklofenaki ya kila wiki inanitia hofu. Inatuliza kidole huku ikiziumiza figo zilezile zilizolemewa.

Wapo wengi wenye yuriki ya juu wasiougua kitu, na kwa kawaida hao hawahitaji dawa. Anayeshambuliwa mara kwa mara huandikiwa alopurinoli, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1966. Huanza kwa dozi ndogo, ikapandishwa hadi yuriki ishuke chini ya 6. Ukitokwa na vipele, iache na uwahi hospitali.

Kipimo kikichukuliwa wakati wa maumivu makali kinaweza kusoma kawaida; kirudie wiki mbili baada ya maumivu kutulia. Siku hiyo usitoke maabara na namba ya yuriki peke yake: omba wakupime na kreatinini, inayoonyesha figo zinavyofanya kazi, sukari na presha.