Kuacha sigara tumboni, kuirudia kitandani mwa mtoto

Wajawazito 612 wa Glasgow, Scotland, waliokuwa wakivuta sigara, waligawanywa kwa kura katika makundi mawili. Wote walipewa nafasi ya kupata huduma ya kawaida ya kuacha: ushauri, simu za kuwafuatilia na nikotini ya tiba, kwa mfano vibandiko. Kundi moja likaongezewa vocha za kununulia vitu madukani: pauni 50 kwa kufika siku ya kwanza na kupanga tarehe ya kuacha, 50 baada ya wiki nne, 100 baada ya wiki 12, na 200 ujauzito ulipokaribia mwisho. Kauli ya mdomo haikutosha. Pumzi ilipimwa, na mwishoni mate au mkojo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: waliopata vocha, asilimia 22.5 walikuwa wameacha. Wasiopata, asilimia 8.6.

Wapo walioiita hongo. Mimi siwezi kuiita hivyo. Uingereza, uvutaji wakati wa ujauzito umejazana katika mitaa ya watu maskini, na si kwamba wanawake wa huko hawajui madhara. Wanayajua, yameandikwa kwenye pakiti. Ila mume anavuta, mama mzazi anavuta, shoga yake wa jirani anavuta, kodi ya nyumba haijalipwa, na sigara ndiyo mapumziko pekee ambayo hahitaji kumwomba mtu ruhusa.

Mwili nao unamwongezea mjamzito mzigo. Wakati wa ujauzito nikotini husafishwa na ini kutoka kwenye damu kwa kasi inayozidi ile ya kawaida kwa takriban asilimia 60, kwa hiyo arosto inaweza kumrudia upesi kuliko zamani. Huenda ndiyo sababu mojawapo ya vibandiko kushindwa katika jaribio la wanawake 1,050 lililofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2012: havikuonyesha nguvu zaidi ya vibandiko visivyo na dawa, na wachache sana waliendelea kuvibandika zaidi ya mwezi mmoja. Anayemlaumu mjamzito kwa kukosa nia angefikiria kwanza kazi inayofanywa na ini lake.

Kwa upande wa mtoto, moshi huleta kaboni monoksaidi, gesi inayong'ang'ania hemoglobini zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtoto hunyimwa hewa, huzaliwa akiwa na uzito pungufu, kwa wastani gramu 200 hivi, na hatari ya kondo la nyuma kung'oka mapema au mtoto kufia tumboni huongezeka. Faraja ni kwamba gesi hiyo hutoka haraka, ndani ya siku moja au mbili. Kwetu Afrika Mashariki wanawake wavutao sigara ni wachache, lakini ugoro hauna moshi na bado una nikotini. Utafiti wa Sweden kuhusu tumbaku ya kuweka mdomoni umeihusisha na kuzaa kabla ya wakati na kuzaa mtoto mfu.

Kinachoniuma zaidi ni kinachofuata baada ya uchungu kwisha. Jaribio la vocha lilirudiwa kwa wanawake 944 wa Scotland, England na Ireland ya Kaskazini, na matokeo yakachapishwa mwaka 2022. Mwisho wa ujauzito waliokuwa wameacha walikuwa asilimia 27 dhidi ya 12. Miezi sita baada ya kujifungua, wengi walikuwa wamerudi kuvuta. Ndivyo inavyotokea: miadi ya kliniki imekwisha, vocha zimekwisha, mama hajalala usiku kucha, na pakiti ya mume iko palepale mezani. Alikuwa ameacha kwa ajili ya mtoto aliye tumboni, na sasa mtoto yuko nje, akivuta moshi uleule kwa mapafu yake mwenyewe, unaomweka kwenye hatari ya maambukizi ya kifua na kifo cha ghafla usingizini. Anayenyonyesha na bado anavuta asiache kunyonyesha. Avute mbali na mtoto, muda mrefu kadiri awezavyo kabla ya kunyonyesha, na aendelee kusaidiwa.

Kusaidiwa huko ndiko kunakokatwa mapema. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Vermont, Marekani, waliendelea kuwapa akina mama vocha hadi wiki 12 baada ya kujifungua, na hadi wiki hiyo tofauti kati yao na wenzao ilikuwa bado inaonekana. Serikali inayokubali kulipa miezi ya ujauzito ilipe pia ile ya kunyonyesha, na mkunga anayempima mama pumzi amwite na baba yake mtoto kwenye kipimo hichohicho.